Pai za Uyoga Zisizo na Uyoga

Nikikumbuka siku ile najifunika khanga usoni hata kama niko peke yangu chumbani, maana aibu yenyewe niliitafuta mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Mume wangu ni dereva wa malori, nyumba yetu ya Magomeni hubaki mimi na redio, basi niliposikia wifi yangu Zuhura amechaguliwa sekondari ya hapa mjini nikaomba akae kwangu, na wakwe zangu (wakulima wa korosho na mihogo huko Mtawanya, watu wa swala tano) wakasema watakuja naye kwanza, wale chakula cha mchana, waione nyumba. Mimi kwa kiherehere nikamwambia mama mkwe kwenye simu kwamba nitawapikia pai za nyama na uyoga, kila mtu na yake. Mama mkwe anapenda uyoga kuliko kuku. Kumbe kiangazi kile sokoni haupo, na wa kopo dukani umekwisha.

Hapo ningesema tu. Lakini nilikuwa na kochoko, yale mabibo yaliyokaushwa, bibi yangu hunitumia nitafune, nikaitazama ilivyokunjamana na rangi yake ya kahawia, nikajiambia ikilainika nikaikata nyembamba ndani ya mchuzi mzito nani atajua (nani atajua, kwa watu waliozaliwa chini ya mikorosho). Nikailoweka kwenye ndoo ya mfuniko. Kesho yake kijijini kukatokea msiba, ugeni ukaahirishwa, na ndoo nikaisahau kwenye joto la jikoni hadi asubuhi waliyokuja. Kufunua, harufu kali. Nikasema moto unaua kila kitu, nikaongeza kitunguu saumu na pilipili manga.

Pai zenyewe, tuseme ukweli, zilipendeza. Nyama niliichemsha taratibu hadi ikakatika kwa kijiko, unga nikaukanda kwa siagi na maji baridi, nikautandaza kwenye vibakuli vya bati, nikajaza, nikafunika kila kimoja kwa unga na kubana kingo kwa uma, nikaoka kwenye sufuria kubwa, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Harufu yote nikawa nimeifungia ndani.

Tukakaa mkekani, baba mkwe akasema bismillahi, tukavunja mifuniko ya pai zetu kwa pamoja. Ule mvuke ulinuka kilabu cha pombe kizima.

Mama mkwe akaacha kijiko hewani. "Mwanangu, huu uyoga gani?"

"Wa kopo, mama," nikajibu (badala ya kunyamaza, nikaongeza kosa la pili).

Nje dirishani jirani yangu Mama Shamte alikuwa anaanika nguo, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Jamani, nani leo anapika gongo?"

Baba mkwe akanusa tena, akaweka pai chini. "Hii kochoko," akasema. "Tena imelowekwa ikakolea kama ya kupikia gongo. Mimi pombe nimeacha miaka mingi, lakini pua haijasahau." Akainuka kwenda kusukutua mdomo, ingawa hakuwa ameonja, na wallahi hapo ndipo nilipoumia, maana mzee wa watu alisukutua mara tatu.

Mama mkwe hakunigombeza. "Ungesema uyoga hakuna, tungekula nyama," akasema. "Kochoko si neno. Ila nimekuuliza, ukanidanganya tunatazamana. Nikikuachia mtoto, siku akiumwa utaniambia kweli?"

Zuhura akarudi Mtawanya na begi lake, hata zipu haikufunguliwa.

Sasa anakaa kwa shangazi yake Shangani, hapahapa mjini. Pai bado napika, pai sina ugomvi nazo, nilichoapa ni kutodanganya tena mtu aliyekaa kula kwangu. Siku mojamoja wifi hupita akitoka shule, nampakulia, na kabla hajashika kijiko huniuliza, kwa adabu kabisa, "Wifi, humu ndani kuna nini?" Namtajia kimoja kimoja hadi chumvi, na yeye husubiri nimalize ndipo ale.