Nilifuta majina 43 ya wenye ng'ombe kwenye mashine ya kusomea hereni, Vigwaza

Wakuu, habari za saa hizi. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Ninachosimulia hapa kilinikuta mwenyewe, sikukisikia kwa jirani. Majina nimebadilisha kwa sababu wenyewe wapo na wengine wanapita humu. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, pamoja na sehemu zinazonitia aibu.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo, naandika riwaya. Mwaka wa tatu huu iko mezani, na katika miaka hiyo kitu nilichojifunza kwa uhakika ni kukata. Neno likizidi, naliondoa. Sentensi ikinenepa, naipunguza. Wenzangu wa kikundi chetu cha uandishi wananiita Kinyozi.

Riwaya haijazi tumbo. Nilipopata kibarua cha kuingiza data za mifugo upande wa Chalinze, nilikwenda bila kuuliza mara mbili.

Kazi yenyewe iko hivi. Ng'ombe anavalishwa hereni ya kielektroniki sikioni, ndani yake kuna namba. Kuna mashine ndogo ya mkononi, kama simu nene yenye mpini. Ukiisogeza karibu na sikio inalia "pi", namba inatokea.

Lakini namba tupu haisemi kitu. Lazima kwanza mtu akae kwenye kompyuta, aandae orodha, aipakie kwenye mashine, ili namba ikisomeka zitokee pia rangi, kijiji na jina la mmiliki.

Mtu huyo nilikuwa mimi.

Siku napakia orodha ya Vigwaza, rekodi zote ziliingia isipokuwa arobaini na tatu. Nikajaribu tena. Zikakataa tena.

Nikazifungua. Zote zilikuwa na majina mawili kwenye nafasi ya mmiliki, katikati yake mkwaju, ule mstari uliolala upande. "Lemburis / Zena." "Kashu / Mwl. Hamisi." Nafasi ile inapokea jina moja tu.

Mkuu wangu wa kazi, afisa mifugo nitakayemwita Bwana Kombo, alikuwa mnadani na simu haipatikani. Mimi nikajiona nimeshaelewa: waliojaza fomu walizidisha maneno. Nikafuta kila kilichokuwa nyuma ya mkwaju, nikahifadhi juu ya faili lile lile, nikapakia upya.

Mashine ikaandika: Imekamilika.

Nilikunywa chai ile kwa furaha ya mtu aliyemaliza sura ngumu.

Nisimame kidogo kwa wasioujua ukanda wetu. Mtu wa Bagamoyo mjini, au mwenye shamba lake la mananasi Makurunge, hana pa kuchungia. Akimpata ng'ombe, anampeleka kwa mfugaji na kumweka kundini. Mfugaji anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe na uzao wake. Karatasi hakuna. Kuna watu wawili na neno lao.

Waliojaza fomu walilijua hilo. Jina la kwanza ni la anayechunga, la pili ni la mwenye mali.

Mimi nimezaliwa Bagamoyo na sikulijua. Kwetu tulifuga bata.

Ikapita kama miezi miwili. Siku moja Bwana Kombo akaniambia, "Mwandishi, beba mashine twende Vigwaza, kuna mama anataka kibali cha kusafirisha dume."

Mama mwenyewe ni Bi Zena, mjane wa mjini Bagamoyo, msusi wa mikeka. Alianza na mtamba mmoja, jike ambaye hajazaa, miaka mingi nyuma, akamweka kwa Mzee Lemburis. Sasa binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa Jumamosi, na dume lile ndilo lililokuwa la harusi. Alikuja na kanga mpya na kamba ameinunua mwenyewe.

Lakini Mzee Lemburis alikuwa amefariki wiki mbili kabla. Kaka yake, Mzee Saitoti, alikuja kutoka Handeni kusimamia mirathi.

Ng'ombe wakaingizwa kwenye kibanio, ule uchochoro wa mbao karibu na josho, mmoja nyuma ya mwingine. Nikaisogeza mashine kwenye sikio la dume.

Pi.

Mmiliki: LEMBURIS.

"Soma tena," Bwana Kombo akasema.

Pi. Lemburis. Wa pili, Lemburis. Wa tatu, Lemburis.

Mzee Saitoti alikuwa amesimama begani kwangu. Hakupandisha sauti. "Mama, pole kwa safari," alisema. "Ila umesikia. Hawa ni wa marehemu."

Bi Zena alicheka kwanza. "Baba, hiyo mashine imenijua lini mimi? Huyu dume mama yake nilimleta kwa gari la mkaa, akanitapikia kanga!"

Vijana waliokuwa juu ya mbao wakacheka. Mmoja akadakia, "Bibi, harusi ni Jumamosi, ng'ombe unamtafuta leo Alhamisi? Kwa nini usipike kuku?" Mwenzake akaongeza kuwa siku hizi kila msiba una mdai wake.

Hapo Bi Zena akaacha kucheka. Niliona mkono wake unaizungusha ile kamba, inaingia ndani ya kanga, kama mtu anayeficha kitu alichokutwa nacho.

Mjane wa Lemburis, Mama Nasieku, alitoka upande wa wanawake. "Shemeji, wale ni wa Zena. Marehemu alinionyesha mmoja mmoja."

"Nakusikia, mama," Mzee Saitoti akamjibu. "Mimi nimekuja kulinda mali ya yatima. Kesho ndugu wakiniuliza ng'ombe wamekwenda wapi, niwaambie nini? Niwaambie mashine ya serikali ilisema wa marehemu, mimi nikawatoa?"

Wakuu, sikumwona mtu mbaya pale. Kila aliyesema alikuwa na haki yake. Mwenye kosa alikuwa ameshika mpini.

Ningeweza kunyamaza. Nawaambia kweli, nilinyamaza kwa muda wa ng'ombe wawili. Nilihesabu: nikisema, kibarua kimekwisha. Nisiposema, hakuna atakayejua.

Halafu nikaiona ile kamba tena.

"Bwana Kombo," nikasema, "mashine haina kosa. Yalikuwa majina mawili. Moja nimelifuta mimi."

"Umelifuta?"

"Mashine ilikuwa inayakataa."

"Na faili la mwanzo?"

"Nimehifadhi juu yake."

Aliniangalia kama anayenisoma na asipate namba. "Kijana, fomu za karatasi ziko stoo Chalinze. Panda bodaboda. Usirudi mikono mitupu."

Mzee Saitoti akasema atangoja. Alimwambia mmoja wa wale vijana ampe Bi Zena kiti.

Stoo ilikuwa inavuja. Fomu zilikuwa ndani ya katoni ya sabuni, chini kabisa. Nilipiga magoti nikawa nazitandaza sakafuni moja moja. Za Lemburis nilizipata, mkwaju wake upo, jina la Zena lipo, na chini dole gumba la marehemu kwa wino wa buluu. Kwenye maelezo karani ameandika: "Anasema huyu amewekwa, si wake."

Nilirudi joshoni jua limeinama. Bwana Kombo akazisoma kwa sauti, namba na rangi, mimi nikisoma masikio. Zililingana.

Bi Zena alikuwa anahesabu kwa vidole. Tulipofika ya sita akainua uso. "Hapo umekosea, baba. Mimi ninao watano."

Bwana Kombo akamwonyesha. Mtamba mweusi, amezaliwa baada ya safari yake ya mwisho. Hakuwa na habari naye. Marehemu angeweza kumwandika wake na dunia nzima isijue.

Mzee Saitoti aliichukua ile fomu, akaweka kidole chake pembeni ya dole la mdogo wake. Kisha akamgeukia Bi Zena: "Mama, nisamehe. Chukua ng'ombe wako wote."

Wote tulidhani atawachukua. Mimi ningewachukua.

Bi Zena alilifunga dume kamba. "Huyu tu," akasema. Akamtazama Mama Nasieku. "Wengine nimewaweka hapa. Au umenichoka, mwenzangu?"

Mama Nasieku alimshika mkono wakaenda kukaa pamoja, na kule ndiko walikolia.

Kazini sikufukuzwa. Bwana Kombo alinipa adhabu: kijiji kwa kijiji, rekodi zote arobaini na tatu, kwa mguu wangu na muda wangu. Sasa jina la mwenye mali linakaa kwenye mmiliki, la mchungaji kwenye maelezo.

Nilichojifunza: kabla hujafuta kitu usichokielewa, mtafute aliyekiandika. Karani yule alijua kuliko mimi, na pengine hata riwaya yangu nitaisoma upya kwa jicho hilo.

Karibuni mtoe maoni. Mnaotaka kunichapa, nichapeni, nastahili. Kama nawe umewahi kuweka ng'ombe kwa mtu, tuambie mnawekaje kumbukumbu.

Ila sababu kubwa ya kuandika uzi huu ni nyingine. Rekodi arobaini na mbili nimezirudisha. Moja imebaki. Fomu yake ilikuwa chini ya katoni, maji yameila. Mfugaji amehama na kundi kuelekea kusini na simu yake haiiti. Kwenye jina la mwenye mali zimesalia herufi tatu tu: Mwa. Nimeziandika hivyo hivyo, na mashine imezipokea.

Ni ng'ombe jike, mwekundu, tumbo jeupe. Kama mama yako, shangazi au bibi aliweka ng'ombe Vigwaza na jina lake linaanza hivyo, mwulize. Karatasi asilete. Karani aliandika kwamba pembe moja imepinda. Atuambie ni ya upande gani.