Siku Amur Alipomsifu Farasi

Katika miaka hamsini na tisa ya umri wake, Amur bin Saeed hakupata kukiri hata mara moja kwamba jambo lake lolote linakwenda vizuri. Ukimwuliza hali, alijibu, "Tunajikokota." Alipopandishwa cheo wizarani, kwenye chumba cha majalada alikofanya kazi miaka ishirini na saba, aliwaambia jamaa kwamba wamemsogeza karibu na mlango ili iwe rahisi kumtoa. Binti yake Noof aliposhika nafasi ya kwanza skuli, Amur alitangaza kuwa mtoto kaponea chupuchupu. Watu waliokuja kumposa mwaka ule wakarudi zao kimya kimya, kwa kuwa walikuwa wanatafuta msichana mwenye akili.

Hakuwa mwongo. Alilelewa hivyo. Mama yake alizika watoto wawili Unguja kabla ya kumpata yeye, na wote wawili walikuwa wazuri na wote wawili walisifiwa. Amur alipozaliwa, mama akampaka masizi usoni, na kila aliyekuja kumtazama aliambiwa kwamba huyu hana maisha. Wakahamia Maskati yeye akiwa na miaka tisa, na mpaka anaaga dunia bibi yule alikuwa akimtaja mwanawe, mwenye afya ya fahali, kwa sauti ya kumsikitikia. Macho ya watu hayana pazia, alikuwa akisema. Basi pazia utie mwenyewe.

Amur alipostaafu, kaka yake wa mama mwingine, Badr, mwenye duka la vipuri vya magari kule Ghala, alinunua mwanafarasi mwekundu wa mbio akamkabidhi amtunze. Nyumba ya Amur ilikuwa Amerat, ng'ambo ya milima, na nyuma yake palikuwa na kiwanja kipana cha kutosha banda na uwanja wa kuzungushia farasi. Badr alikuwa na pesa na hamu. Amur alikuwa na nafasi na subira. Kazi ya kumwandikisha mnyama kwa ajili ya mbio nayo akaachiwa Amur. Badr alitarajia jina la upanga, au la radi. Amur akaandika Takataka.

"Takataka!" Badr alipiga kelele kwenye simu. "Nnakutuma uandikishe farasi, wewe unaandikisha jaa?"

"Nani atakayemhusudu Takataka, kaka?"

Mbio yake ya kwanza, kule Barka, Takataka alishinda kwa urefu wa farasi wanne. Mtangazaji, ambaye Kiswahili hakukijua, alilingurumisha jina lile kama la shujaa wa vita, na upande wa jukwaa walikokaa watu wenye asili ya Unguja, wanaume wazima walishikana mbavu wasianguke.

Wiki tatu baadaye goti likavimba. Akapona, akashinda mbio ya pili, akapasuka ukwato. Akapona tena, akavutika msuli wa bega siku mbili kabla ya mbio ya tatu. Waliojua farasi walisema mnyama huyu ana moyo wa kuchukua makombe na miguu ya kuazima. Amur alisema ni jicho, na kila alipoumia, akazidi kumwekea kinga. Alimwomba hata Daktari Hajar, mganga wa wanyama, amfunge farasi bendeji.

"Ami Amur, mguu huu mzima," daktari alisema.

"Ndiyo maana nnataka ufungwe. Mbovu wa nini kuufunga?"

Daktari alicheka akaufunga, na mingine mitatu pia, ili wageni wakija macho yao yaishie kwenye kitambaa. Akiulizwa na mtu yeyote habari za Takataka, Amur alishusha pumzi na kusema hafiki wiki ijayo. Mtaa mzima ukajifunza kumsikiliza kinyumenyume. Jirani yake Khattab, aliyekuwa na farasi wake mwenyewe, aliwaambia wenzake msikitini, "Amur kasema wake yumo kwenye kufa. Basi mimi wangu namwacha nyumbani, nisijitie aibu." Na mara zote mbili Takataka alizoshinda, maneno ya Khattab yalikuwa kweli.

Zikabaki siku nne kufika mbio ya kufunga msimu. Siku hiyo ya Jumatatu, Enos, Mkenya wa Kitale aliyemtunza Takataka kwa miaka mitatu, alikuja mpaka mlango wa jikoni, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Mzee, kuja uone hii mguu."

"Umevimba?"

"Haijafura sana. Lakini iko moto, na akigeuka anaikwepesha. Hii si ile ya bendeji ya uongo."

Daktari Hajar alikuja saa hiyohiyo na mashine yake ya picha. Alipomaliza hakucheka. Kano ya nyuma ya mguu wa mbele, alieleza, imechanika nyuzi kama kamba inayotaka kukatika. Akitembea pole pole hutaona kitu. Akipigishwa mbio mara moja tu, itakatika, na farasi aliyekatika hapo uwanjani hurudi nyumbani kwa habari tu. "Ana miaka mitano, Ami. Mstaafishe. Ataishi miaka ishirini mingine."

Amur akampigia kaka yake.

"Kaka, farasi kaumia. Kano imechanika. Hawezi kukimbia tena maishani."

Badr alicheka kicheko cha mtu aliyepewa habari njema. "Mara iliyopita uliniambia ana siku tatu."

"Safari hii kweli."

"Na ile ilikuwa nini?"

Hapo Amur akachukua karatasi aliyoachiwa. Akamsomea maneno ya daktari. "Daktari gani?" Badr aliuliza. "Si huyu anayefunga miguu mizima? Amur, ndugu yangu, unanifurahisha. Hujapata kumchimbia kaburi refu namna hii. Ijumaa tunachukua kombe."

Jumanne Badr alikuja mwenyewe. Takataka alitolewa bandani, bendeji nne miguuni, akatembea hatua kumi na tano kwa madaha kama bwana harusi. Hakuchechemea hata kidogo. Badr alisugua viganja vyake. "Umemficha vizuri mwaka huu," akamwambia ndugu yake, akaondoka. Farasi alikuwa wake, mpanda farasi alikwisha kukodiwa, na gari la kuwachukulia wanyama lingefika Ijumaa asubuhi.

Amur aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa banda. Enos alikuwa akiumwagia maji ule mguu.

"Mzee, si umwambie tu ukweli?"

"Nshamwambia, Enos. Kwa Kiswahili na kwa Kiarabu."

"Shida yako unajua ni nini? Miaka tatu nimekaa hapa, sijawahi sikia ukisema kitu iko sawa. Hata chai ikiwa tamu unasema inamezeka. Haki, siku utasema kitu iko sawa, mimi nitabeba begi nitoroke. Nitajua kumeharibika."

Amur akanyanyuka akaenda kutawadha, na Enos akadhani amemuudhi.

Alhamisi baada ya Alasiri, barazani kwa Badr, walikuwapo wanaume tisa, kahawa na halwa ikizunguka. Khattab hakumngoja Amur hata aketi vizuri.

"Enhe, Sheikh Amur! Takataka vipi? Tumeshachimba kaburi au bado?"

Watu wakaanza kutabasamu kabla ya jibu. Amur akaweka kikombe chini. Jambo alilotaka kulifanya hakuwahi kulifanya tangu azaliwe, na kwa hakika aliamini kwamba laweza kumwua mnyama.

"Mzima," alisema.

Tabasamu zikasimama zilipokuwa.

"Mzima kabisa. Hajapata kuwa mzima kama leo. Miguu yake minne nguzo za chuma. Ana mbio, ana pumzi, ana uzuri. Kesho hakuna farasi Oman nzima atakayemkaribia."

Wote wakangojea aseme mashaallah. Hakuisema. Moyoni aliisema mara saba, meno yameumana, lakini kwa ulimi hakuitoa, maana angeitoa angekuwa anamsifu farasi tu kama watu wengine wanavyosifu farasi zao. Aliyekuwa akimega halwa vidole vyake vilibaki ndani ya sahani. Khattab, aliyemkejeli kwa miaka mitatu, alinong'ona, "La hawla," akatazama zulia.

Badr alikuwa amebadilika rangi.

"Tangu lini?" aliuliza taratibu.

"Jumatatu."

"Na daktari anasemaje?"

"Kasema atashinda na mwakani pia."

Badr akafumba macho. Alipoyafumbua alichukua simu, na mbele ya watu wote akamwondoa Takataka katika mbio ya Ijumaa na katika mbio zote zilizosalia maishani mwake. Mmoja mmoja wale wanaume wakanyanyuka kumpa Amur mkono. "Poleni," walisema. "Ndiyo mambo ya dunia." Mmoja aliuliza kwa heshima ikiwa mnyama anaumia sana. "Haumii kabisa," Amur alijibu, na yule mtu machozi yakamlengalenga.

Basi Takataka akastaafu akiwa na miaka mitano, ushindi wa mara mbili na majeraha ya mara nne. Mwezi wa nane wa mapumziko, daktari akapima tena. Kwa kutembea na kucheza, mzima. Kwa mbio za mashindano, abadani. Mnyama ambaye hakuweza kupita wiki tatu bila kuumia hakupata tena hata mkwaruzo, tangu siku alipoacha kutakiwa ashinde. Alinenepa. Asubuhi alikata uwanja mbio kwa raha yake, hana mtu mgongoni, mkia juu, na majirani wote wakimwona.

Badr, kwa upande wake, alikuwa mtu wa matumaini, na kila Ijumaa alipiga simu. Amur alijua vizuri hatari iliyokuwapo: aseme mara moja tu kwamba farasi hajambo kidogo, au hali yake mbaya, na kesho yake gari la wanyama litakuwa mlangoni. Kwa hiyo akalazimika kuendelea kumsifu. Mwanzoni akawa anazisoma sifa kwenye kipande cha karatasi.

"Yukoje?" Badr aliuliza Ijumaa moja.

"Mzima, kaka. Anakula, anaruka, ngozi inang'ara. Hajapata kuwa hivi."

Upande wa pili Badr akashusha sauti.

"Maskini," Badr alisema. "Usimchoshe, Amur. Mwachie apumzike hizo siku zilizobaki."

"Inshaallah," alisema Amur. Nyuma yake Takataka alikuwa amesharuka birika la maji mara ya pili, na Enos anamfukuza na hatamu mkononi, akimtukana kwa lugha ya kwao.