Sabuni ya Mogaka

Bochaberi hakuwahi kujipaka kitu usoni wala kwenye kucha. Alikuwa Msabato wa Nyaramba, mchumaji wa chai, na kila wifi yake Sheila, msusi wa saluni moja mjini Kisii, alipokuja nyumbani na kucha nyekundu, alimtania bila huruma.

"Wifi, usinichambulie mboga na rangi hiyo. Tutakula petroli."

"Zako zimepakwa na majani ya chai," Sheila akamjibu. "Tena bure."

Utani huo ulimgusa mahali. Utomvu wa chai ulikuwa umemwachia weusi usiotoka vidoleni, na mwaka wa 1996, alipojifungua Mogaka baada ya mimba mbili kuharibika, aliogopa kumshika kwa mikono ile. Sokoni akaona sabuni iliyoandikwa kwamba inaua viini vya magonjwa. Karatasi yake ilikuwa nyeupe, yenye maandishi kama ya dawa, na harufu yake ilikuwa kali. Akainunua, akawa akimwogesha mwanawe kwayo asubuhi na jioni.

Majirani walimsifu mtoto kwa kung'aa. Kisha viganja na nyayo zake zikawa nyekundu, ngozi ikabambuka, naye akawa analia na kuukwepa mwanga wa mlangoni. Bochaberi alidhani viini vimemzidi, akaongeza povu. Kadiri mtoto alivyougua, ndivyo alivyozidi kumwosha.

Daktari wa mjini aliomba kuiona sabuni hiyo, akaisoma karatasi yake. Kisha akamweleza kwamba ilikuwa na zebaki, yale madini yang'aayo ndani ya kipimajoto. Kwamba kazi yake hasa ilikuwa kuchubua ngozi nyeusi, na hayo maneno ya viini yaliwekwa ili ipite forodhani. Kwamba walioitengeneza ng'ambo walikatazwa kuwauzia watu wa kwao. Figo za Mogaka zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi.

Sheria inayoiona ngozi ya mtoto wa ng'ambo na isiione ya mtoto wa Nyaramba, tuiite sheria ya nani?

Mogaka alizikwa kando ya migomba. Sheila alifika matangani akiwa na kucha tupu. Hakuna aliyetania.

Sabato iliyofuata, akina mama wa Dorkasi, kikundi cha huruma cha kanisa, walipokutana kumfariji, walimwambia kwamba hayo yalikuwa mapenzi ya Mungu. Bochaberi akafungua kitambaa, akaweka mezani kipande cha sabuni kilichobaki.

"Msimsingizie Mungu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwogesha. Na wako waliojua, wakaniuzia. Inuseni hii, kisha mwende mkanuse sabuni za nyumbani kwenu."

Kipande kikapita mkono kwa mkono, ndani ya kitambaa chake. Bonareri, aliyekuwa ameketi mbele akinyonyesha, alikinusa, kisha akamwinamia mwanawe na kumnusa shingoni. Alibaki hivyo hivyo, uso wake shingoni mwa mtoto, hadi kipande kilipozunguka chumba kizima na kumrudia Bochaberi.