Tambara la Kumi na Tatu

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Pale kwenye machimbo ya mawe kila mtu alimwita Kumi na Mbili, kuanzia bosi mpaka mlinzi wa getini, naye aliitika kwa raha zake.

Jina alilipata kwa matambara. Kwa miaka ishirini na minane ya kutengeneza mitambo mizito, kila asubuhi alifungua sanduku lake la spana akatoa matambara kumi na mawili, yamekunjwa vizuri kama nguo za mtoto mchanga. Akimaliza kazi, kabla hajafunga kifuniko cha tangi au cha giaboksi, aliyapanga juu ya mnyororo ambao mtambo huutumia kutembea, na kuyahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. Yasipotimia, kifuniko hakifungwi, hata bosi apige honi mpaka betri iishe. Ujanani aliwahi kuona injini nzima ikifa kwa ajili ya kipande cha nguo cha mtu mvivu wa kuhesabu, na mpaka leo akiisimulia habari hiyo hushika kichwa.

Matambara yenyewe yalitoka nyumbani kwake, wapi kwingine? Mkewe aliwaambia wageni waziwazi: "Humu ndani nguo ikichakaa haipumziki. Inaajiriwa." Shuka zilikwenda, foronya zilikwenda, na mwaka huo yalikwenda mapazia ya sebuleni, yale ya maua ya njano.

Sasa, kwenye machimbo hayohayo, dereva wa kijiko, yaani ule mtambo wa tani ishirini na moja unaochimba na kupakia mawe, alikuwa kaka wa mkewe. Mashemeji hao walitaniana tangu asubuhi mpaka saa ya kutoka. Dereva alidai fundi ameolewa na spana. Fundi alidai dereva anaendesha kama anayekoroga uji. Kazi ilikwenda, watu walicheka.

Kicheko kilikatika pale kijiko kilipoanza kuugua. Asubuhi kilikuwa kizima, kinanyanyua mawe bila shida. Baada ya saa moja hivi mkono ulianza kupanda kwa uzito, ndoo ikasitasita, na mwisho mtambo ukawa unanguruma tu pasipo kunyanyua kitu. Kikizimwa watu wakanywa chai, kikiwashwa kimepona! Fundi alipima oili ikawa sawa, akabadilisha chujio la nje, akafunga geji akaangalia presha. Kijiko kikiwa kizima, presha ilikuwa nzuri, kikichoka, ilianguka.

Hapo ndipo Kumi na Mbili alipoteleza. Bosi alimuuliza mbele ya watu wote, na fundi mwenye jina lake hapendi kusema sijui. Akasema, "Pampu ingekuwa mbovu, isingekuwa inapona. Ni uendeshaji. Anaukamua mtambo mpaka oili inachemka."

"Mimi?" dereva aliuliza. Safari hii hakuwa anatania.

"Basi tutaona," bosi akasema. "Ijumaa kijiko kikiwa bado hivi, natafuta dereva mwingine."

Nyumbani, habari ilifika kabla ya fundi. Mkewe alimwekea chai mezani, akakaa upande wa pili na kukunja mikono. Chai haikuwa na sukari.

"Umesahau sukari, mama watoto."

"Sijasahau. Kaka yangu ameendesha kijiko miaka tisa. Wewe umeendesha nini?"

Swali hilo lilimkosesha raha kuliko chai yenyewe, kwa sababu jibu alikuwa nalo: hakuwa ameendesha chochote. Alikuwa amemhukumu mtu kwa kusimama pembeni na geji mkononi. Aliona aibu, ila aibu ya mtu mbishi huchelewa kutoka mdomoni.

Alhamisi asubuhi alipanda mwenyewe kwenye kiti cha dereva. Dereva alisimama chini, mikono mfukoni. Fundi hakugusa jiwe hata moja. Aliwasha, akawa ananyanyua mkono mtupu na kuushusha polepole, kama mzee anayefanya mazoezi. Dakika ya arobaini na tano mkono ukaanza kusita. Hakuna mzigo, oili haijachemka, na mtambo umechoka!

"Shemeji," fundi aliita kutoka juu, "umeona?"

"Mimi naona tangu mwezi jana," dereva akajibu. "Nilikuwa nasubiri na wewe uone."

Fundi alishuka akatega sikio kwenye pampu. Ilikuwa inalia kilio chembamba, kilio cha pampu inayofyonza bila kupata. Kumbe oili ipo tele tangini lakini haifiki. Kitu kinaziba njia, na mtambo ukizimwa kinaachia. Walikinga mapipa, wakaimwaga oili yote, wakafungua kifuniko cha tangi. Fundi akalala kifudifudi juu ya tangi, akaingiza mkono mpaka kwapani, akapapasa chujio la chini, ambalo pampu hufyonzea oili. Vidole viligusa kitu laini. Akakivuta.

Kilitoka kikichuruzika oili. Alikikamua, akakikunjua kwenye mwanga wa jua. Maua ya njano.

Mwezi jana alikuwa amelisafisha tangi hilo kwa mikono yake. Na alihesabu! Moja mpaka kumi na mbili, kwa sauti, mashahidi wapo. Alilikimbilia sanduku lake, akayapanga matambara yote juu ya mnyororo, na safari hii hakuhesabu tu, aliyatazama. Mawili yalikuwa mafupi. Aliyasogeza pamoja na mipasuko ikakutana ua kwa ua. Tambara moja lilikuwa limenasa kwenye bolti siku ile na kuchanika katikati, naye akavihesabu vipande vyote viwili, kila kimoja kama tambara zima. Hesabu ilitakiwa kufika kumi na tatu.

Bosi alikuwa anakuja. Mfuko wa ovaroli ulikuwa mpana na tambara lingeingia bila mtu kujua. Dereva alilitazama lile tambara, akamtazama shemeji yake.

"Pazia hili nililitundika mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Nilisimama juu ya stuli, dada akinielekeza."

Fundi aliliinua juu, mbele ya bosi na mbele ya wapakiaji wote. "Bosi, kosa ni langu. Nililiacha humu mwenyewe. Dereva wako hana hatia, na mimi nilimsema vibaya mbele ya watu. Nisamehe, shemeji."

Bosi alikunja uso. "Niliahidi kumfukuza mtu kesho." Akamgeukia dereva. "Wewe ndiye uliyeonewa. Nimfukuze huyu?"

Dereva alikuna kidevu, akajivuta kweli, maana nafasi kama hiyo haiji mara mbili. "Usimfukuze, bosi. Akishinda nyumbani, dada yangu atabaki bila pazia hata moja."

Watu walicheka mpaka mlinzi akaacha geti lake kuja kuuliza kuna nini. Kumi na Mbili alicheka pia, akajifuta macho kwa mkono wenye oili na kusema ni oili ndiyo inayowasha.

Jioni chai ilikuwa na sukari, vijiko vitatu, zaidi ya anavyopenda. Aliinywa yote.

Kesho yake oili ilirudishwa tangini. Kabla ya kufunga kifuniko, fundi alitandaza matambara mapya juu ya mnyororo, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Hesabu wewe, shemeji," akasema.

Dereva aliinua kila tambara, akalikunjua, akaligeuza pande zote mbili, polepole, huku bosi akipiga honi. Alipofika kumi na mbili alirudia tena kuanzia moja, na fundi akasimama akingoja, kifuniko mkononi.