Shikamoo ya Seva

Fundi aliyekuja hapa Korogwe kutubadilishia seva ya kumbukumbu za wakulima hupuliza vidole kabla ya kugusa kibodi, kama anayetaka kumega ugali wa moto. Huongea taratibu, na humwamkia hata mfagizi. Mimi niliyeilea seva ya zamani sijawahi kuletewa chai mezani. Yeye analetewa, tena na mihogo. Nimemwombea akwame, hakwami. Leo alimwita karani wetu, Mama Stefania: "Washa kama ulivyozoea, mama." Mama akaandika "shikamoo", neno nililotunga mimi la kuwashia ile kongwe. Seva mpya ikajibu "marahaba", ikawaka. "Hujaniharibia mazoea yangu!" Mama akapiga vigelegele. "Huyu kaka ndiye aliyelitunga neno hilo," fundi akasema, akinionyesha. Mama akanitupia jicho, kisha akamwongezea fundi sukari kwenye chai.