Mlima Usio na Watoto

Mimi si wa mlimani. Mimi ni wa Eldas, na Eldas ukisimama juu ya debe unaona mpaka kesho. Mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha milima ya kila mahali, na alipofika kwetu akapangusa chaki mikononi akasema Wajir ni tambarare, fungeni vitabu. Kwa hiyo nilipoolewa kaskazini, upande wa Bute, na mume wangu akaninyooshea kidole akasema nyumba iko pale juu, nilidhani ananitania.

Hakuwa anatania. Mlima upo. Ni mawe meusi yaliyorundikana, na katikati ya mawe kuna mti hapa, mti pale, na njia ya punda. Pikipiki inafika chini ya mlima, inazima, basi. Kutoka hapo ni miguu yako. Juu kuna uwanda mdogo wenye majani mazuri, na miamba yenye mashimo ya kukinga maji ya mvua. Maji hayo yakiisha tunashuka na punda kwenye kisima. Asubuhi kuna ukungu na baridi ya kuingia mfupani. Watu wa huko chini wanafunika nyumba kwa mikeka, sisi tunajenga kwa mawe na udongo kwa sababu ya upepo. Siku ya hewa safi unaona milima ya Ethiopia imesimama kama ukuta. Ni pazuri, sikatai. Lakini uzuri hautibu kifua.

Kwa nini watu waliamua kuishi kwenye mawe? Hilo nilimuuliza mama mkwe wangu mwaka wa kwanza, tukikamua mbuzi. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maziwa ni meupe.

"Kwa sababu gari haliwezi kupanda," akasema.

Babu zao walikuwa wakipandisha ng'ombe huku kiangazi, wanashuka mvua ikinyesha. Kuishi kabisa kulianza wakati wa vita vya Shifta, miaka ya sitini. Askari walikusanya watu kwenye kijiji kilichozungushiwa waya, wakawahesabu asubuhi, wakawahesabu jioni, na mifugo nayo wakaihesabu, kisha wakaipiga risasi. Mama mkwe alikuwa mtoto wa mgongoni. Mama yake alitoroka naye akapanda mlima na wengine wachache. Askari walifika chini, wakatazama mawe, wakageuza gari. Waliobaki kwenye waya walipoteza mifugo yao yote na baadhi ya watu wao. Waliopanda walipona. Hiyo ndiyo historia yetu, na ukitaka kuelewa upumbavu wetu wote anzia hapo.

Maana walikuja na somo lao: anayehesabiwa hupungua. Si wao peke yao, hata mama yangu Eldas hapendi kusema ana watoto wangapi. Atakwambia, "Mungu amenipa." Kwetu kumhesabu mtoto kwa namba ni kumwonyesha kwa jicho baya. Lakini mlimani jambo hili walilishika kama nguzo ya nyumba. Jioni mbuzi wakirudi hakuna anayesema moja, mbili. Mama mkwe husimama mlangoni mwa zizi akawapitisha kwa rangi na kwa mama zao: yule wa madoa yupo, wanawe wapo, yule mweupe wa pembe moja yupo. Akikosekana mmoja anajua. Ukimuuliza ni wangapi anakufukuza.

Na kuna korongo nyuma ya nyumba, lina mapango mapango. Humo ndimo walimofichwa watoto zamani. Kila mtoto wa mlimani anafundishwa: ukipelekwa korongoni, usiitike sauti ya mtu yeyote isipokuwa ya mama yako. Hata ukiitwa kwa jina lako, hata anayeita ni shangazi yako, nyamaza. Wanafundishwa kama mchezo. Nilicheka mara ya kwanza kuona. Watoto wanaojibizana kutwa kama kasuku, ukiwapeleka korongoni wanakuwa mawe.

Sasa nieleze kilichonikomesha kicheko.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa kiume. Alikuwa ameanza kutembea. Msimu wa ukungu alishikwa na kikohozi, kisha mbavu zikaanza kuingia ndani kila akivuta pumzi. Mama mkwe alimpaka samli ya moto kifuani, akamsomea. Mimi nilikuwa na kidato cha nne kichwani, nilijua ile haikuwa ya samli. Wanaume walifunga blanketi kwenye miti miwili tukateremka naye asubuhi, jua likitupiga, mawe yakiteleza chini ya miguu. Tulipiga simu tukiwa njiani, gari likatoka Bute. Sisi tulifika chini kwanza. Mtoto akakata roho kwenye kivuli changu, kwa sababu pale hapakuwa na kivuli kingine. Gari lilipofika dereva aliona nyuso zetu, hakushuka. Tulimzika hapo hapo kando ya njia. Wakapanda, nami nikapanda.

Baadaye nikajaliwa binti. Mimba yote nilikuwa nasema na Mungu jambo moja: mpe kifua. Alizaliwa na kifua kile kile. Ukungu ukianza naye anaanza kukoroma kama birika.

Kwa hiyo chifu aliposema kuna mtu wa ofisi atakuja kuangalia kama mlima unafaa kujengewa zahanati, yenye nesi wa kulala huku huku, dawa na mashine ya mvuke, mimi sikulala kwa furaha. Chifu alisema wazi: wanaangalia watu, hasa watoto. Pakiwa na watoto wa kutosha zahanati inakuja juu. Wasipotosha inajengwa kule chini bondeni, ambako tayari magari yanapita. Nilimwambia mama mkwe. Nilimwambia kila mwanamke kisimani. Wote waliitikia inshallah. Nami nikaamini! Mimi mjinga.

Mtu wa ofisi alifika anahema, viatu vyake vya ngozi vimechubuka. Alikuwa mtu wa kutoka kusini, Kisomali hajui hata cha salamu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa pande zote mbili. Nilikuwa nimetoka kumchotea maji ya kunywa. Nilipogeuka nikaona kiwanja kizima ni wazee na wanawake, na watoto wawili watatu wa mgongoni. Mlima umefagiwa. Nikatafuta binti yangu kwa macho, sikumwona.

"Hapa hakuna watoto?" akauliza.

Nikatafsiri. Mama mkwe akajibu bila kupepesa: "Mwambie tumejaliwa, alhamdulillahi."

"Wangapi?"

"Mwambie, wa kutosha kwa Mungu."

"Mama, mimi nataka namba."

Bibi mmoja jirani, mcheshi sana na mbaya sana, akadakia: "Muulize, yeye ni wa ngapi kwa mama yake?"

Nikamuuliza. Yule bwana akatabasamu, akidhani anapendwa. "Mimi ni wa tano kati ya saba."

Nilipotafsiri wanawake walivuta shuka mdomoni. "Astaghfirullah! Saba, anawataja hivyo hivyo kama mitungi!" Bibi akasema, "Maskini mama yake. Mpe maziwa huyu, hajui anachofanya." Wakacheka. Hata mimi ningecheka siku nyingine.

Nikamshika mama mkwe mkono. Hilo si jambo la mkamwana kufanya mbele ya watu. "Edo," nikamwita kama tunavyowaita mama wakwe, "binti yangu yuko wapi?"

"Yuko na wenzake."

"Korongoni? Na kifua kile?"

"Naa, punguza sauti. Mgeni ana macho."

"Mgeni ameleta nesi, edo! Anataka kuona watoto tu, awaone, aende zake!"

"Hata wale askari walisema wanataka kuona tu," akasema. Na alisema kwa upole, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hakuwa anabishana nami. Alikuwa anaokoa mjukuu wake.

Nikamvuta yule bwana kwa shati mpaka ukingo wa korongo. Nikaita. Niliwaita wote kwa majina, wale ninaowakogesha, ninaowagawia uji, ninaowapiga wakichezea moto. Kimya. Niliona kisigino cha mmoja kimejibana kwenye mwamba. Niliona jicho. Wallahi niliwaona, na hakuna hata mmoja aliyetikisika. Walikuwa wanafanya vizuri sana kile walichofundishwa.

Kisha nikasikia kikohozi. Nikaita, "Hoyo!" kama mama anavyomwita mwanawe. Binti yangu akatoka kwenye giza la mawe, midomo imebadilika rangi, akajikokota mpaka kwangu kwa sababu sauti ilikuwa yangu.

"Huyo mmoja," akasema bwana.

"Wamejaa humo! Shuka uangalie!"

Akatazama korongo, akatazama viatu vyake. "Mama, mimi nina mguu mbaya."

Nikawageukia wanawake. Nilisema maneno mazito, siyarudii. Mmoja tu, jirani aliyezika watoto pia, alikuja ukingoni akaita wake, wakatoka. Wengine walisimama mikono imefungwa. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wa mlango wake, na hakuna aliyefungua.

"Andika kwamba wako kwenye mawe," nikamwambia.

"Naandika ninachokiona, mama. Siwezi kuandika mawe."

Akanywa maziwa, akashukuru, akashuka kabla ya adhuhuri. Zahanati inajengwa bondeni.

Mimi sijui nimkasirikie nani kwanza. Ofisi ambayo watu wake wanapanda mlima wenye vyombo vya uji vimetapakaa kila mlangoni, nguo ndogo zimeanikwa kwenye kila kichaka, halafu wanasema hapana watoto? Mtu mwenye akili anahesabu hata nguo. Au wanawake wenzangu, wanaoogopa askari ambao wengi wao sasa ni marehemu, wasioogopa ukungu ambao tunauona kila mwaka? Kilichowaponya kinawaua. Gari haliwezi kupanda: walifurahi kwa hilo zamani, na bado wanalisema kama sifa.

Mvua zilipoanza binti yangu alibanwa. Wakasema ni mdomo wangu, nimewataja watoto kwa majina mbele ya mgeni. Sikungoja blanketi wala miti. Nilimfunga mgongoni nikashuka mwenyewe, pikipiki ikanipeleka Bute. Walimwekea mashine ya mvuke usoni, na jioni akaomba chai. Nesi akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia akashangaa: "Kule juu kuna watu?"

Sikurudi. Nimepanga chumba nyuma ya duka la mtu wetu, nafua nguo za watu. Mume wangu, ambaye huwa kwenye minada ya ngamia zaidi kuliko nyumbani, amekubali kwa kununa.

Juzi mama mkwe alipiga simu. Huwa anapanda jiwe fulani ndipo apate mtandao, kwa hiyo upepo ulikuwa unapiga kelele.

"Mrudishe mtoto. Huku kuna maziwa."

"Sirudi, edo."

Akauliza, "Anapumua?"

"Anapumua vizuri."

"Alhamdulillahi." Akashusha sauti, kana kwamba jiwe lenyewe lina masikio. "Yule mjukuu mdogo wa bibi jirani ameanza kukohoa. Mbavu zinaingia. Usimwambie mtu."

"Mteremsheni leo! Edo, si kesho, leo!"

"Wanaume wako mnadani."

Nilikata simu nikampigia yule dereva wa pikipiki aliyenileta Bute. Nilimwambia atoke sasa hivi, aende mpaka mwisho wa njia, asubiri. Hakukataa, ni kijana mzuri. Nilisikia anawasha pikipiki. Halafu akaniuliza, "Chini nitafika, abayo, dada yangu. Lakini nani atamteremsha?"