Bogi la Wamama wa Uji

Wajukuu wangu wanafikiria Nakuru ilizaliwa pamoja na hizi gorofa. Mimi nikiwaambia hapa palikuwa na nyasi, na pale palikuwa na ng'ombe wa mzungu, wanacheka tu. Wacha wacheke. Mimi niliiona, na shule sikusoma ya maana, nilitolewa nikiwa bado naandika kwa mchanga, kwa hivyo kila kitu nimekiweka kwa kichwa. Hakijapotea.

Nililetwa hapa nikiwa bibi arusi, miaka ya hamsini, kutoka kwetu upande wa magharibi. Mzee wangu alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabogi. Anasimama pale kwa njia ya chuma, bogi linarudi nyuma pole pole, linagonga mwenzake, naye anaingia katikati anafunga ule mnyororo. Ukiolewa na mtu wa kazi hiyo unajifunza kuomba kila asubuhi bila kuambiwa na pasta.

Tulikuwa tunakaa landi, zile nyumba za wafanyikazi wa reli. Chumba kimoja, pazia katikati, upande huu kitanda, upande ule watoto. Jiko nje. Ukikaanga kitunguu, landi nzima inajua kwako leo kuna mchuzi.

Sasa, stesheni ilikuwa karibu, na gari la moshi lilikuwa linaleta watu kila siku. Wanatoka magharibi, wanatoka ziwani, wanatafuta kazi kwa mashamba ya wazungu. Wengine pareto huko Molo, wengine mkonge Rongai. Lori ikija inachagua wanaume wenye mabega, inaenda. Na wale hawakuchaguliwa? Na mama amekuja kutafuta bwana yake na hajui shamba lenyewe linaitwaje? Wanakaa tu hapo kwa ua wa stesheni juu ya mizigo yao, na vumbi jeupe la ziwa letu la hapa Nakuru linawapiga kwa macho.

Ndio sisi wamama wa landi tukaanza. Mara ya kwanza ilikuwa uji tu, kwa debe, na vikombe vya bati. Kundi letu halikuwa na jina. Watu walituita wamama wa uji, na hilo likatutosha. Jengo la kanisa hatukuwa nalo, tulikuwa tunasalia kwa holi ya reli Jumapili asubuhi, na jioni wanaume wanacheza santuri hapo hapo. Kwa hivyo mgeni akikosa pa kulala, tulikuwa tunamchukua nyumbani, kwa zamu. Leo ni kwangu, kesho ni kwa jirani.

Na tulikuwa na sheria moja. Mgeni haulizwi kitu. Unampa kikombe, unamwambia karibu, unamfungulia mlango. Mambo ya umetoka wapi, bwana yako ako wapi, hayo atasema mwenyewe akitaka. Hiyo sheria aliiweka mwenyekiti wetu. Alikuwa mama mkubwa wa mwili, bibi ya mzee wa kanisa, ameokoka, na akitembea landi unasikia mchanga ukilia. Alisema mtu akiwa na njaa ukianza kumuuliza maswali, hiyo si huruma, hiyo ni polisi.

Ilikuwa sheria nzuri, mimi naipenda mpaka leo. Lakini siku moja karibu ituaibishe.

Mvua ilikuwa imeanza, ile ndefu, inatoka juu ya Menengai ikiwa baridi kama maji ya mtungi. Mchana tukapeleka uji. Hapo kwa ua tukapata mama mmoja, kijana kabisa, ameshushwa na lori ya mkonge kutoka Rongai. Alikuwa na mtoto wa kiume mgongoni, bado ananyonya. Huyo mtoto ndiye alitushtua. Hakuwa analia. Alikuwa anafungua mdomo kama mtu anataka kulia, halafu sauti haitoki, inatoka tu kitu kama mlango unakwaruza.

Mwenyekiti akamshika shingo. "Huyu ni moto," akasema.

Tukakimbia naye dispensari ya reli. Dresa, yule mhudumu wa dawa, akamsikiliza kifua, akampa dawa, akatuambia wazi: "Asisafiri. Na asipigwe na baridi. Mkimweka mahali pa joto na pakavu, atapona. Mkimlaza nje kwa hii mvua, mimi sina dawa ya hiyo."

Basi, zamu ilikuwa yangu. Nikatandika vizuri, nikasogeza watoto, nikaweka jiko karibu na mlango chumba kipate joto. Nikamwambia, "Karibu, mwanangu. Ingia."

Akasimama hapo nje. Maji yanamtiririka kwa leso. Akasema asante, lakini hakuingia.

Nikasema karibu tena. Akatingisha kichwa. Akaenda akakaa chini ya mti wa mjakaranda hapo mbele, akamkunja mtoto kwa tumbo.

Mimi nikafikiria labda chumba changu ni kidogo. Nikamwita jirani wa mlango wa pili, yeye ako na nafasi. Akamwita, hakuingia. Mwingine akamwita, hakuingia. Wamama wakaanza kutazamana. Si unajua wamama wakitazamana.

"Anatuona wachafu," mmoja akasema.

"Anaogopa kunguni zako," mwingine akamjibu.

"Kunguni zangu zilizaliwa kwako."

Mwenyekiti akaja na mwavuli. Alimwangalia yule msichana pale chini ya mti, akaniuliza, "Umemkosea nini?"

"Mimi? Nimesema karibu mpaka ulimi umechoka."

"Basi ni kiburi. Kiburi na mtoto mgonjwa haviendi pamoja."

Na hapo akafanya kitu. Akaenda, akamchukua mtoto kwa mikono ya mama yake, akaanza kuja naye kwa mlango wangu. Aliwaza, mtoto akiingia, mama atafuata. Kwani mama gani ataacha mtoto?

Yule msichana akaruka. Alimfuata akimshika nguo, akamzuia hapo hapo kwa mlango, akapiga magoti kwa matope. Akaongea haraka haraka kwa lugha yao ya ziwani. Hakuna hata mmoja wetu alimwelewa, isipokuwa jirani yangu wa ukutani, ambaye naye alikuwa mtu wa huko. Alikuwa anafua nyuma ya nyumba, chini ya paa, akatoka na povu mikononi.

"Anasema nini?" mwenyekiti akauliza.

Jirani akapangusa povu kwa leso. Halafu akasema, "Anasema, mama, usiingize mtoto wangu. Anauliza hii nyumba ina watoto wangapi."

"Watoto wanahusu nini?"

"Bwana yake amekufa huko kwa mkonge. Wamemzika juzi. Kwetu mwanamke akifiwa hivyo, haingii kwa boma ya mtu mpaka arudi nyumbani afanyiwe mambo yake. Akiingia, mabaya yanabaki kwa hiyo nyumba. Yanashika watoto. Anasema nyinyi ni watu wazuri, mmempa uji. Hawezi kuwalipa hivyo."

 Mvua tu inapiga mabati.

Sisi tulikuwa tunafikiria anatukataa. Kumbe amekaa kwa mvua, mtoto wake mwenyewe anakwaruza kifua, kwa sababu ya wangu. Wangu walikuwa wanachungulia kwa pazia, mmoja anakula kiazi.

Mwenyekiti akamrudishia mtoto. Alimrudishia pole pole, kama mtu anaweka yai. Halafu akasema, lakini sauti imeshuka, "Hayo ni mambo ya zamani. Damu ya Yesu imemaliza hayo."

Jirani akamwambia, "Mama, mwambie hivyo kesho kutwa. Leo hatakuelewa, na mtoto hangoji."

Hilo lilikuwa kweli. Tukashika mwavuli juu yao kwa zamu, wawili wawili, na tukaanza kufikiri. Holi ya reli? Imejaa wanaume na santuri. Jikoni kwangu? Jiko ni la boma. Chini ya paa la choo? Huko baridi ni ile ile, na harufu juu yake. Mwenyekiti akavua sweta yake, ile ya kanisani, akamfunga mtoto. 

Mzee wangu ndiye alitoka kazini akatupata hapo, wamama wamesimama kama kuku kwa mvua. Akauliza kuna nini, nikamweleza. Alikuwa mtu wa kufikiri akitafuna kitu, akachukua kipande cha muwa, akatafuna. Halafu akasema, "Kwani lile bogi?"

Nyuma ya shedi ya injini kulikuwa na bogi la mizigo, la mbao, kuukuu, limetolewa magurudumu likalazwa juu ya mataruma, zile mbao za kulalia reli. Walikuwa wanaweka humo magunia na taa za reli. Paa lake lilikuwa zima.

"Bogi si boma," mzee akasema. "Hilo limezunguka kutoka Mombasa mpaka ziwani, halijawahi kulala kwake."

Jirani akamtafsiria yule msichana. Akasikiliza. Akauliza kitu, jirani akajikaza asicheke.

"Anauliza ni la nani."

"La reli," mzee akasema.

"Anauliza reli ana watoto?"

Mzee akakuna kichwa. "Mwambie reli hana watoto. Ana mabogi tu, na yote makubwa kuliko yeye."

Hapo ndipo nilimwona yule msichana akicheka mara ya kwanza, kicheko kidogo cha pua. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Hiyo naweza."

Lakini bogi lilikuwa chini ya stesheni masta, na huyo alikuwa Mhindi mmoja mkali, anaweza kukukaripia kwa kukohoa karibu na filimbi yake. Mzee wangu akaogopa kwenda, kazi ni kazi. Mwenyekiti akakunja mwavuli. "Twende," akaniambia. Mwili wake peke yake ulijaza mlango wa ofisi.

"Bwana, tunataka bogi kuukuu, kuna mgonjwa alale."

"Bogi si hoteli, mama."

"Najua. Hoteli hawezi kuingia. Amefiwa na bwana, na kwao mjane haingii kwa nyumba ya watu."

Mimi nilimwangalia kwa upande. Dakika chache zilizopita hayo yalikuwa mambo ya zamani.

Stesheni masta akaweka kalamu. "Mtu anakufa, bibi yake anakatazwa nyumba?"

"Kwenu mtu akifa hakuna mambo?"

 Akatazama nje kwa mvua. Akasema kwao mambo yako mengi, na mama yake mwenyewe tangu afiwe na bwana hajavaa nguo ya rangi. Halafu akarudisha sura yake ya ukali. "Mafuta ya taa yatoke kwanza. Na moto usiwashwe ndani hata kidogo. Na mimi sijaona kitu." Akanisukumia ufunguo wa bogi juu ya meza.

Sasa mahali pa joto bila moto, utafanya nini? Hapo wanaume wa shedi walitusaidia, na mimi bado nawasifu. Injini ikirudi, tanuru yake inabaki na moto muda mrefu. Walikuwa wanaweka matofali hapo karibu na majivu, yakishika joto wanayatoa kwa koleo, wanayafunga kwa gunia lenye maji kidogo lisiungue, wanatuletea. Tulitandika nyasi kavu, juu yake magunia, na matofali pembeni. Ukiingia humo ulikuwa unasikia joto kama kwa mgongo wa ng'ombe. Yakipoa, tunabadilisha. Uji tulikuwa tunampelekea mpaka kwa mlango wa bogi, na kikombe kikabaki chake peke yake, alitaka hivyo.

Mwenyekiti alikuja kila asubuhi. Alikuwa anakaa kwa ngazi ya bogi, nje, anasoma Biblia yake kwa sauti. Hakumwambia yule msichana tena mambo ya damu ya Yesu. Siku moja nikamsikia anamuuliza bwana yake alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia, "Mama mwenyekiti, sheria yetu tumevunja? Mgeni anaulizwa?"

Akasema, "Huyu ameshamaliza kikombe. Wewe chemsha uji."

Mtoto alikuwa anaenda juu na chini. Leo ananyonya, kesho anakataa. Dresa alikuwa anakuja anaweka sikio kwa kifua, anatoka bila kusema, na sisi tunamsoma kwa uso. Asubuhi moja akatoka akasema, "Mpelekeni nyumbani kwao. Lakini afunikwe."

Nauli tulikuwa tumeshapanga. Siku ya kuondoka yule msichana alifagia bogi lote, akakunja magunia, akapanga matofali ukutani kama sahani. Akarudisha sweta ya mwenyekiti, imefuliwa. Mwenyekiti akakataa, akamfunga nayo mtoto tena. Hatukushikana mikono naye. Alisimama mbali kidogo, akainama, akasema kitu kirefu kwa lugha yao. Jirani alitaka kututafsiria, mwenyekiti akamwambia wacha, tumesikia.

Sisi wamama wote tulienda stesheni kumwona akiingia gari la moshi. Mzee wangu akanong'ona, "Hili nalo si boma, ataingia bila shida." Nikampiga na kiwiko.

Filimbi ikalia. Yule mtoto hakuipenda. Akafungua mdomo kwa dirisha, na mimi nikashika pumzi, kwa sababu nilikuwa nimezoea ule mlango unaokwaruza. Akalia. Alilia kwa sauti nzima, nene, ya kutoka tumboni, mpaka stesheni masta akageuka na bendera yake mkononi kuona ni nani anapiga kelele. Gari likaanza kwenda, naye bado anatukana kila mtu, na tulikuwa tunamsikia mpaka mwisho wa plathomu. Mwenyekiti alisimama hapo akitingisha kichwa, machozi yanamtoka, anacheka.

"Sikia huyo," akasema. "Sikia vile anatusumbua."

Tukarudi. Njiani akanipokonya ufunguo wa bogi kwa mkono wangu, akautia kwa kamba, akauvaa shingoni, na akasema nyasi ibadilishwe kabla ya gari la kesho.